Riziki ya Leo Ina Kipimo

Wengi wanaomwomba Mungu riziki hawajui wanahitaji kiasi gani. Waulize kodi ya nyumba, watakujibu papo hapo, maana mwenye nyumba hasahau tarehe. Waulize chakula cha nyumba nzima kwa juma moja kinagharimu kiasi gani, au dawa za mzee zitaisha lini, wataanza kukisia. Jioni wanapiga magoti na kusema, "Bwana, tukumbuke katika mahitaji yetu," kisha wanainuka na hofu ileile waliyoingia nayo. Ombi la namna hiyo lina shida moja kubwa: hata jibu likija, mwombaji hawezi kulitambua, kwa sababu hakujua alichokuwa anakingoja.

Maandiko yanapofika kwenye suala la chakula huwa na hesabu kuliko tunavyokumbuka. Soma Kutoka 16 kama mtu anayesoma maelekezo ya kazi. Mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, iliokotwa pishi moja kwa kila kichwa, kwa hesabu ya watu waliomo hemani. Kipimo hicho hukadiriwa kuwa lita mbili hivi. Iliokotwa asubuhi, kwa kuwa jua likikolea iliyeyuka. Iliyolazwa hadi kesho yake iliingia mabuu ikanuka. Siku ya sita kila mtu aliokotewa pishi mbili, ikaokwa na kutokoswa, na mara hiyo haikuoza. Waliotoka siku ya saba wakitarajia kuokota hawakuona kitu. Chakula kilichotoka mbinguni kilikuja na kipimo, saa, idadi ya walaji na ratiba ya juma, na kazi ya kuinama na kuokota ikabaki kwa watu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayetaka kumtegemea Mungu kwa mahitaji ya kila siku ni kuijua pishi yake. Chukua daftari na kwa siku 30 andika kila kinachotumika nyumbani. Usianze kubana matumizi ndani ya siku hizo. Ukibana kwa sababu unaandika, utapata picha ya nyumba isiyo yako. Mwisho wa mwezi panga ulichoandika katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vya kila siku: chakula, maji, nishati ya kupikia, nauli, sabuni. La pili ni vya kila mwezi, kama kodi na umeme. La tatu ni vya mwaka: ada, bima, mavazi, kukarabati kinachovuja. Fungu la kwanza na la pili yajumlishe na ugawe kwa 30. La tatu liandike kwa kumbukumbu, maana mwezi mmoja hauwezi kulionyesha lote, kisha uligawe kwa 365. Jumla ya majibu hayo mawili ndiyo pishi ya nyumba yako kwa siku.

Fungu la tatu ndilo linalobomoa nyumba nyingi. Haja ya mwaka yenye thamani ya 730 ni 2 tu kwa siku, na kwa siku mbili tatu haionekani. Siku inapodaiwa yote kwa mkupuo inaitwa dharura, watu wanafunga na kuomba usiku kucha, ilhali tarehe yake ilijulikana tangu mwaka uliopita. Sala ya dharura ina mahali pake: ugonjwa, moto, kufiwa, kuachishwa kazi ghafla. Ada ya muhula haimo humo.

Mwenye pato linalopanda na kushuka, kama fundi, mchuuzi au kibarua, asitumie wastani. Miezi mitatu yenye pato la 40, 100 na 160 ina wastani wa 100, lakini mwezi wa 40 watu watakula 40. Andika mapato ya miezi 12 iliyopita, utafute mwezi wa chini kabisa, upange maisha ya kawaida juu ya huo. Ziada ya miezi mizuri ina kazi tayari: kuziba pengo la miezi mibaya. Hiyo ndiyo hekima ya siku ya sita.

Hapa huwa panatokea mtu wa kusema kwamba akiba ni kutomwamini Mungu, na ushahidi wake ni mabuu. Asome sura hadi mwisho. Mana ileile iliyooza siku ya pili ilikaa salama siku ya sita, kwa sababu mara hii ililazwa kwa agizo na kwa ajili ya siku iliyojulikana kwamba haitakuwa na mavuno. Mwanzo 41 inamwonyesha Yusufu akipendekeza sehemu ya tano ya mazao iwekwe katika miaka saba ya shibe, kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Tajiri wa Luka 12 naye aliweka akiba, akabomoa ghala na kujenga kubwa zaidi, na katika maneno yake yote hakuna mtu mwingine aliyetajwa ila yeye mwenyewe. Kwa hiyo akiba ipimwe kwa swali hili: ni ya siku gani, na ya nani? Ikikosa majibu yote mawili, itazame vizuri. Na sehemu ya tano ya Yusufu ilitoka katika miaka ya wingi. Anayemhubiria akiba ya asilimia 20 mtu ambaye pato lake halifiki pishi amechukua sheria ya shibe akaipeleka kwenye njaa.

Pishi ikishajulikana, sala inabadilika. Bwana alifundisha kuomba, "Utupe leo riziki yetu," na leo ina mipaka inayoonekana. Katika daftari lilelile chora safu nne: haja, kiasi, tarehe ya mwisho, kilichopo mkononi. Haja ikiwa 100 na mkononi kuna 60, shukuru kwa 60 na uombe 40. Wafilipi 4:6 inaweka shukrani ndani ya ombi lenyewe, na ukiandika hivi utaona ni kwa nini: anayeomba 100 yote huku 60 zimo ndani anaishi kana kwamba hajapewa kitu. Safu ya tano iache wazi kwa ajili ya jibu, tarehe lilipokuja na njia lililopitia. Kisichokuja nacho kiandikwe, "hakikuja". Daftari lenye mafanikio matupu litakudanganya wewe mwenyewe kwanza, halafu utawadanganya wengine kwa kulisimulia.

Kabla ya kuandika haja, jiulize ni nini kitaharibika kisipopatikana kufikia tarehe hiyo. Kama huna jibu, kiandike ukurasa mwingine. Unaweza kukiombea pia, hakuna dhambi, ila usiseme Mungu hakutoa riziki kwa sababu hakutoa hicho.

Saa ya daftari iwe moja kwa siku, na asubuhi ni nzuri kuliko usiku. Anayefungua hesabu usiku wa manane haongezi kitu, maana hakuna anayeweza kumpigia simu, wala duka lililo wazi, wala kazi ya kufanya. Wazo likija kitandani, liandike neno moja kwenye karatasi na ulipangie miadi ya asubuhi. Mathayo 6:34 inasema kesho itajisumbukia yenyewe, na jambo lililopangiwa saa yake huacha kuzunguka kichwani.

Historia ina mfano mashuhuri wa sala na hesabu kukaa meza moja. George Müller, aliyezaliwa Prussia mwaka 1805 na kufa mwaka 1898, alifungua nyumba yake ya kwanza ya yatima huko Bristol, Uingereza, mwaka 1836. Nyumba ya kwanza ya Ashley Down ilifunguliwa mwaka 1849, na kufikia mwaka 1870 zilikuwa tano, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Anakumbukwa kwa kutomwomba mtu fedha. Kinachosahaulika ni upande wa pili wa kazi yake: alikataa madeni, aliandika alichopokea, na alichapisha taarifa za hesabu kwa umma. Anayeiga ukimya wa Müller bila vitabu vyake vya hesabu ameiga nusu iliyo rahisi. Tena ukimya wenyewe ulikuwa mwito wake, na haukuwahi kuwa amri kwa kila mwamini. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi katika Biblia, alimwomba Mungu wa mbinguni, kisha papo hapo akamwomba mfalme: akataja muda atakaokuwa safarini, akaomba nyaraka za kumpitisha kwa maliwali, na barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ampe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba yake. Kumweleza mwenzako haja yako kwa heshima, ukitaja kiasi na siku, hakupunguzi imani hata chembe. Kinachoharibu ni kuzungukazunguka kwa vidokezo na kununa, mpaka mwenye kusikia ashindwe kujua kama anaombwa au anashitakiwa.

Nikilazimika kuchagua sura moja tu ya kumpa mtu aliyebanwa, ningempa 2 Wafalme 4, aya saba za mwanzo. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anadaiwa, na mdai anakuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hamwambii aongeze imani. Anamuuliza, nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Mama anajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Lile neno "ila" ndipo kazi inapoanzia. Anaambiwa aazime vyombo vitupu kwa majirani wote, wala visiwe vichache, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mafuta yanakoma vyombo vinapokwisha. Kisha agizo la mwisho, ambalo wahubiri hulipita mbio: auze mafuta, alipe deni, na yanayosalia yamtunze yeye na watoto wake.

Tazama mpangilio huo. Kwanza ni kuhesabu kilichopo, na hili hufanywa vibaya kwa sababu mtu aliyefilisika huhesabu fedha peke yake. Andika pia ujuzi unaoweza kuuzwa wiki hii, vifaa vilivyolala, saa ambazo huna kazi, bidhaa zisizouzwa, watu unaowadai fadhila na watu unaowadai fedha. Deni unalodai na unaona haya kulidai ni chupa ya mafuta. Pili, alichoazima mama yule ni vyombo, vitu vinavyorudi kwa wenyewe vilevile bila kuongezeka riba. Kuazima cherehani, mkokoteni au nafasi kwenye jiko la mtu ni jambo jingine kabisa na kukopa fedha. Tatu, mafuta hayakuanguka kama sarafu. Muujiza ulikuwa bidhaa, na bidhaa ilihitaji kupelekwa sokoni na kupangiwa bei. Nne, deni lilitangulia matumizi. Watu wengi wakipata upenyo hugeuza mpangilio huo, wakasherehekea kwanza kisha wakampelekea mdai kilichobaki, na mara nyingi hakibaki.

Deni lenyewe lihesabiwe kabla ya kuombewa. Jua salio, riba na kipindi chake, tarehe ya kulipa na faini ya kuchelewa. Mkopo wa 100 wenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba isipolipwa na kujumlishwa kwenye deni, unapita 200 ndani ya mwezi wa nane na kufika karibu 314 baada ya miezi 12. Riba hiyo haipumziki wakati unafunga. Kama madeni ni kadhaa, lipa kiwango cha chini kinachotakiwa kwa yote, kisha kila kinachozidi kielekeze kwenye lenye riba kubwa. Hapo ndipo unapookoa zaidi. Kuna wanaopendelea kuanza na deni dogo ili wapate moyo, na kwa mtu aliyekata tamaa sina ugomvi nao, mradi tofauti ya riba isiwe kubwa. Mdai mwendee kabla ya tarehe, na kiasi ulichonacho mkononi, na pendekezo lililoandikwa. Ukienda baada ya tarehe, unazungumza na mtu aliyekwisha kudanganywa.

Kukopa "kwa imani" ni jambo linalostahili kukemewa kwa ukali. Mtu anakopa leo kwa sababu anaamini Mungu ataleta fedha ya kulipa mwezi ujao, ambayo haina chanzo chochote kinachojulikana. Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamnukulia ahadi ya kweli, akamtaka ajitupe ili ahadi ifanye kazi. Mkopo wa aina hii una umbo lilelile: unaruka kwanza, kisha unamwachia Mungu kazi ya kukudaka.

Jirani wa mkopo huo ni sadaka ya kodi. Mtu anaambiwa apande mbegu kwa kutoa fedha ya mwenye nyumba, eti itarudi mara mia. Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu aliandika katika 2 Wakorintho 8:12 kwamba nia ikiwepo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Fedha ya kodi uliyokwisha kuahidi ni ya mwingine. Huwezi kumtolea Mungu mali ya mwenye nyumba. Malaki 3:10 husomwa sana kwenye mimbari, lakini aya ya 5 ya sura hiyohiyo inawashitaki wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, na mjane, na yatima, nayo husomwa mara chache. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira huo. Wakati mwingine riziki ya mtu imekwisha kutolewa na Mungu na imekwama mfukoni mwa mwajiri anayeongoza maombi.

Kutoa ni lazima, na kwa nyumba iliyobanwa ni bora kuwa na kiasi kidogo kilichopangwa kuliko kikubwa cha msisimko. Ahadi ya Wafilipi 4:19, kwamba Mungu atawajaza kila wanachohitaji, iliandikwa kwa watu waliokuwa wametoka kumpelekea Paulo msaada kwa mkono wa Epafrodito. Walitoa, na Paulo akaandika kwamba amepokea. Barua hiyo ni kama risiti.

Lakini kuna mambo ambayo daftari haliwezi kuyazuia. Nabii Eliya alitii akaenda kijito cha Kerithi, kunguru wakamletea mkate na nyama asubuhi na jioni, na baada ya muda kijito kikakauka. Andiko linatoa sababu moja tu: hapakuwa na mvua katika nchi. Ukame aliokuwa ameutangaza ulimfikia na yeye. Hakuna mahali anapokemewa. Anapewa agizo jipya, aende Sarepta, kwa mjane mwenye unga wa konzi moja na mafuta kidogo. Njia ya riziki inapokauka, kama kazi kufungwa au soko kufa, wengine hutumia miezi wakichimba kijito kikavu na kutafuta dhambi iliyokikausha. Weka ukomo mapema: chanzo kikishindwa kufika nusu ya pishi kwa miezi miwili mfululizo, anza kutafuta Sarepta, yaani kazi nyingine, eneo jingine, au mlango wa mtu ambaye usingemtarajia.

Na wapo walioomba vizuri, wakahesabu vizuri, wakalala na njaa. Paulo anaitaja njaa na kiu na kukosa nguo katika 2 Wakorintho 11:27, huku yeye ndiye aliyeandika Wafilipi 4. Usimwambie mtu wa namna hiyo kwamba imani yake ni ndogo. Yakobo 2:16 imekwisha kukataza kumuaga aliye uchi na mwenye njaa kwa maneno mazuri bila kumpa mahitaji ya mwili.

Ndiyo maana jambo hili haliishii kwenye daftari la mtu mmoja. Kanisa la kwanza, huko Yerusalemu, lilikuwa na huduma ya kila siku ya chakula, na katika Matendo 6 huduma hiyo ilipata kasoro: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa. Mitume hawakuitisha mkesha wa kutafuta sababu za kiroho. Walisema wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, na majina yote saba yaliyoandikwa pale ni ya Kiyunani. Katika 1 Timotheo 5 tunakuta orodha, umri wa chini wa miaka 60, na sharti kwamba wenye jamaa watunzwe kwanza na jamaa zao ili kanisa lisilemewe.

Kundi lolote la waamini linaweza kufanya hivyo kwa mfuko mdogo. Watu watatu wausimamie, wawili wasaini kila kinachotoka, na mhazini asiwe ndiye anayeidhinisha. Pale inapowezekana lipa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, shule au duka la dawa, kwani fedha taslimu mkononi mwa mtu anayedaiwa na kumi huishia kwa mwenye sauti kubwa zaidi. Jina la aliyesaidiwa libaki kwa hao watatu, picha isipigwe. Weka kiwango cha juu kwa nyumba moja kwa mwaka ili mfuko usimezwe na wanaojua kuomba. Kila baada ya miezi mitatu soma mbele ya wote kilichoingia, kilichotoka na nyumba ngapi zilifikiwa, bila majina. Halafu wasimamizi wakae na orodha ya waumini mezani na waulize swali ambalo Yerusalemu ilisahau kuliuliza: nani hajawahi kufika hapa, na lugha, umri au haya vinamzuiaje? Mmoja wao aende akamtembelee wiki hiyohiyo.